Ushauri wadau: Nipandikizwe kifaa cha kifafa kifuani au niendelee na vidonge tu? (Mie ni muadhini)

Mtoto_wa_Ngamiani

Asalaam aleikum, na habari za jioni wadau. Nimekuwa msomaji wa kimya humu jamvini kwa miaka, leo imebidi nifungue uzi.

Nina miaka 34, kwetu Tanga, naishi Leicester, Uingereza, huu mwaka wa tisa. Kifafa kilinianza nikiwa darasa la tano. Mara ya kwanza nilianguka mstarini asubuhi. Nilipozinduka wenzangu walikuwa wamesimama mbali, mwalimu anawakataza wasiniguse kwa sababu ya povu. Tangu siku hiyo sikupenda kulisimulia jambo hili, nyie ndio wa kwanza kulisoma lote.

Dawa nimezipitia. Fenobabitoni nyumbani, kisha Tegretol. Huku wakanipa Epilim, halafu Keppra, hiyo ilinipa hasira za kugombana hadi na birika la chai. Sasa natumia lamotrijini na nyingine juu yake. Bado naanguka kwa kishindo kama mara mbili kwa mwezi. Zile ndogo za kuduwaa na kutafunatafuna mdomo ni sita, saba, mwezi mbaya hata kumi.

Mwaka jana nililazwa siku tano, waya kichwani na kamera usiku na mchana, waone kama kuna sehemu moja ya ubongo ya kukata. Jibu likaja kwamba mashambulizi yangu yanaanzia pande zote mbili, kwa hiyo upasuaji wa kichwa haupo. Wamenipendekezea kile kifaa cha kusisimua neva ya shingoni, ambacho huku wanakiita VNS. Gharama sidaiwi, matibabu ni ya serikali.

Yanayonikwaza ni haya. Mimi ni mmoja wa waadhini watatu wa msikiti wetu, na nimesoma kwamba kifaa kinakwaruza sauti. Tena nina mpango wa kurudi Tanga moja kwa moja, miaka mitatu minne ijayo, kiwanja kipo na msingi umeshapanda. Na mama akisikia neno "betri" na neno "mwilini" kwenye sentensi moja, presha inampanda.

Aliyewekewa, au mwenye ndugu aliyewekewa, naomba anisaidie. Nimepewa wiki sita za kufikiri.

---

Kiti_cha_Mbele

Naweka kambi hapa. Pole sana mkuu.

---

Dawa_za_Asili_TZ

Mkuu, hayo madude ya wazungu achana nayo. Kuna mzee Handeni anatibu kifafa kwa siku saba, ukipona unamlipa mbuzi. Njoo inbox.

---

Mtoto_wa_Ngamiani

@Dawa_za_Asili_TZ ahsante, ila mzee wa Handeni tulishamaliza naye 2003. Nilifukizwa, nilichanjwa, na fenobabitoni nikaachishwa ghafla. Wiki ile nilianguka mara tisa na mkono ukaungua jikoni. Kovu ninalo. Mbuzi alichukua kabla ya kupona.

---

Sista_Mstaafu_Dodoma

Mwanangu, mimi ni muuguzi mstaafu, miaka 31 kazini, kumi na minne ya mwisho kwenye kliniki ya kifafa na afya ya akili. Kwanza naungana nawe hapo kwenye kuachishwa dawa ghafla. Wanaosoma hapa, msifanye hivyo hata siku moja, hata kama mnakwenda kwa mganga, hata kama mnakwenda kuombewa. Kuombewa na kidonge havigombani.

Nikieleza kwa lugha ya kliniki yetu: kuna neva ndefu inaitwa vagasi, inashuka kutoka shina la ubongo, inapita shingoni kando ya mshipa mkubwa wa damu, inakwenda kooni, kwenye moyo, mapafu, hadi tumboni. Kifaa ni kidogo, kama uso wa saa ya mkononi, kinakaa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, chini ya mtulinga. Waya unapita chini ya ngozi hadi shingoni na kuzungushwa kwenye neva hiyo. Kushoto kwa sababu vagasi ya kulia ndiyo iliyoshikamana zaidi na mapigo ya moyo. Kichwa hakifunguliwi. Kwa kawaida kinatuma umeme mdogo sekunde 30, kinanyamaza dakika 5, kinaanza tena, mchana na usiku.

Si kitu kipya. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa North Carolina, Marekani, mwaka 1988, na Wamarekani wakakiidhinisha rasmi 1997.

Sasa matarajio, maana hapa ndipo watu huumia. Kifaa hiki hakiponyi kifafa. Hakikuachishi vidonge pia, utaendelea navyo. Katika miezi ya mwanzo unaweza usione tofauti yoyote, nguvu zake zinajijenga taratibu. Baada ya kama miaka miwili, karibu nusu ya waliowekewa huona mashambulizi yamepungua kwa nusu au zaidi. Nusu nyingine hupata nafuu ndogo, na wengine hawapati kitu. Wanaoacha kuanguka kabisa ni chini ya mmoja katika kumi. Ukienda ukidhani wewe ndiye huyo mmoja, utakirudisha kwa hasira.

Lakini uipime hiyo nusu na upande wa pili wa mizani. Kuna utafiti maarufu wa Glasgow uliotoka mwaka 2000: kati ya wagonjwa wapya, 47% waliacha kuanguka kwa dawa ya kwanza, dawa ya pili ikaongeza 13%, na kuanzia ya tatu, ukijumlisha na mchanganyiko, haikufika hata 5%. Wewe upo ya tano au ya sita. Hiyo "niendelee na vidonge tu" uliyoandika kwenye kichwa cha uzi, ujue nayo ni uamuzi, na ina hatari zake. Kuanguka kwa kishindo mara mbili kwa mwezi si jambo la kulizoea. Watu wa namna hiyo ndio hukutwa wamefariki usingizini bila sababu nyingine. Nasema hivi kwa kuwa nimewazika wawili.

---

Njagu_mstaafu

Sista umemaliza. Swali la kijinga: umeme ukikatika?

---

Sista_Mstaafu_Dodoma

Hahaha. TANESCO hawahusiki. Betri iko ndani yake, haichajiwi ukutani. Ikikaribia kuisha wanafungua kifuani tu na kubadilisha kifaa, waya wa shingoni unabaki ulipo. Huchukua miaka kadhaa, wengine mitatu, wengine hadi kumi, kutegemea nguvu uliyowekewa.

---

BabaZawadi_Nakuru

Mleta uzi, mimi binti yangu anacho. Alifanyiwa India 2019 akiwa na miaka 13, baada ya harambee tatu na kuuza shamba la bibi yake. Sitaji hospitali.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoogopa. Karibu saa moja na nusu, kovu mbili ndogo, siku ya tatu tulikuwa tunakula chapati hotelini. Kila mtu anaogopa operesheni. Wallahi operesheni ndiyo sehemu rahisi.

Kazi ilianza tuliporudi. Kifaa hakiwekwi nguvu yote siku moja. Wanaanza na robo ya miliampia, kila baada ya wiki mbili hivi wanapandisha robo nyingine, wanaangalia kama mtoto anakohoa, kama anakabwa, wanaendelea hadi wapate kipimo chake. Hilo linafanywa kwa kompyuta ndogo na kitu kama rimoti kinachowekwa juu ya kifua. Sisi tulirudi Nakuru tukiwa na robo mbili. Nikapiga simu huku na kule kutafuta mwenye hiyo kompyuta. Hospitali moja ilinijibu, "Tuletee mashine tutaangalia." Mashine iko ndani ya mtoto!

Kwa mwaka mzima binti alikaa na nguvu ambayo hata nzi asingeshtuka. Nilimrudisha India mara mbili zaidi, nauli ya watu wawili, hoteli, viza. Ndipo kilipoanza kufanya kazi. Leo anaanguka mara moja kwa miezi miwili, zamani ilikuwa kila wiki. Sijutii. Lakini ningejua, ningeuza shamba nusu ya kwanza kwa upasuaji na nusu ya pili kwa safari.

Kwa hiyo ndugu yangu, wewe unauliza kama ukubali kuwekewa. Mimi nakuuliza nani ataishika hiyo kompyuta ukiwa Tanga.

---

Kiti_cha_Mbele

Hapo kwenye "tuletee mashine" nimecheka halafu nikasikitika.

---

Bi_Shuu_Minnesota

Mie nipo Minneapolis, mume wangu amewekewa mwaka wa nne sasa. Nitajibu la sauti tu, mengine wamesema.

Ni kweli, sauti inabadilika, lakini si muda wote. Inabadilika zile sekunde kifaa kinapowaka. Mume wangu akiongea na simu ghafla anakuwa kama mtu mwenye mafua, halafu anarudi. Mwanzoni kila nguvu ikipandishwa ilikuwa mbaya, na kikohozi juu, baada ya wiki mwili unazoea. Akipanda ngazi wakati kimewaka anahema kidogo. Na mimi nilianza kumsikia anakoroma usiku kuliko zamani, nikamwambia daktari, wakampima usingizi. Usiku wa kwanza ukisikia pumzi inakatika usinyamaze.

Sasa sikia siri ya waimbaji. Unapewa sumaku. Ukiipitisha juu ya kifaa kwa sekunde moja na kuiondoa, kinawaka papo hapo, hiyo ni kwa ajili ya ukihisi shambulizi linakuja, au mkeo anakupitishia ukishaanguka. Lakini ukiiweka juu yake na kuiacha hapo, kinazimika mpaka uitoe. Mume wangu husoma kasida maulidini. Anaifunga sumaku kwa bandeji kifuani, anasoma, akishuka anaitoa. Muulize muuguzi wako kwanza muda gani ni salama kwako, ila adhana ni dakika tatu nne, sioni kama hapo pana mgogoro.

Sumaku isikae mfuko mmoja na kadi ya benki wala simu. Tumeshaua kadi mbili.

---

Mtoto_wa_Ngamiani

Dada, umenitua mzigo ambao daktari hakujua hata kama ninao. Nilipomwambia "my voice" akadhani naogopa kuongea kazini.

@BabaZawadi_Nakuru swali lako limeninyima usingizi. Kuna anayejua Tanzania nani anayo hiyo kompyuta?

---

Kipimo_Sahihi

Mimi nitakuwa mbaya wa uzi. Niliwekewa Ujerumani nikiwa masomoni, miaka miwili baadaye nikaomba kizimwe. Hakikunisaidia, koo lilikuwa linaniwasha kama nimemeza pilipili mbuzi, na kila nikicheka nilikohoa. Nilipoomba kitolewe kabisa wakaniambia kifaa cha kifuani kinatoka, ila ile sehemu iliyozunguka neva mara nyingi huachwa, maana nyama imeshaishika, kuibandua ni kuhatarisha neva. Kwa hiyo nimebaki na kipande cha waya shingoni maisha. Siumwi, lakini kila ninapojaza fomu ya hospitali lazima nieleze.

Halafu, samahani, ulichunguzwa kweli? Mimi kwenye kile kipimo cha kamera cha mara ya pili ndipo ilipogundulika nusu ya matukio yangu hayakuwa kifafa cha umeme wa ubongo, yalikuwa ya msongo. Hiyo haitibiwi kwa kifaa.

---

Mtoto_wa_Ngamiani

@Kipimo_Sahihi ubaya gani huo, nauhitaji. Ndiyo, zilinaswa tano kwenye kamera, zote za umeme, tatu kutoka kushoto na mbili kulia. Na niliuliza kuhusu kukatwa upande mmoja hata hivyo, maana nimesoma ule utafiti wa Kanada wa 2001, waliopasuliwa 58% hawakupata tena yale mashambulizi ya kupoteza fahamu kwa mwaka, waliobaki na dawa 8%. Daktari akasema wale walikuwa na chanzo kimoja. Ukikata upande mmoja wa kumbukumbu na ule mwingine nao mgonjwa, unaweza kuamka hujui jina la mama yako.

---

Dkt_Mwembeni

Nimeitwa hapa na mtu. Mimi ni daktari, si wa ubongo, ni wa picha. Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa.

Mwenye kifaa hiki anaweza kupigwa MRI, ile picha ya mashine yenye sumaku kubwa, kwa masharti, na sharti kubwa ni kwamba kizimwe kwa ile kompyuta kabla na kiwashwe baada. Sumaku ya mkononi haifai kwa kazi hiyo, huwezi kuingia nayo chumba cha MRI, itaruka. Maana yake ukiwa Tanga, ukapata ajali ya bodaboda, wakataka picha ya uti wa mgongo haraka, pasipo mtu wa kukizima watakwama. CT na eksirei hazina shida. Na wale wa mazoezi ya viungo wanaotumia mashine za joto la mawimbi, waambie mapema: kwako ni marufuku.

Tembea na kadi ya kifaa siku zote. Uwanja wa ndege utaitumia mara mia, hospitalini labda mara moja, ila hiyo mara moja ndiyo muhimu.

---

Dawa_za_Asili_TZ

Mzee wa Handeni hana masharti yote hayo.

---

Njagu_mstaafu

Mods, mbuzi huyu kafika tena.

---

Mtoto_wa_Ngamiani

MREJESHO WA KWANZA. Wiki ya tano.

Nilikwenda kliniki na daftari. Nilimuuliza muuguzi wa kifafa maswali yenu yote, hadi la TANESCO. Alicheka lakini akajibu.

Akaniambia mwaka wa kwanza ndio wa kupandisha na kurekebisha, baada ya hapo mtu aliyetulia anaweza kuonekana mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa hiyo nikiwekewa sasa, miaka mitatu ya Leicester inatosha kukitafutia kipimo chake nikiwa karibu na kompyuta. Nikirudi Tanga nitarudi na kifaa kilichokwisha kupangwa, na kila mwaka nipange safari moja, kwangu au kwa atakayepatikana karibu, Nairobi au kokote. Nikasema je, nikisubiri nirudi kwanza? Akasema, "Hapo utakuwa unakianza mahali pagumu." BabaZawadi, nilikukumbuka.

Nikauliza pia kuhusu Ramadhani, maana mimi huwa naanguka zaidi mwezi ule. Akaniuliza nalala saa ngapi. Nikamwambia daku, tarawehe, adhana ya alfajiri. Akaandika kwenye daftari lake: usingizi. Akasema kifaa hakitafidia usingizi wala kidonge kilichorukwa. Sheikh wetu nimeshaongea naye, ameniambia mgonjwa ana ruhusa yake, na kwamba alfajiri ya Ramadhani mwenzangu ataadhini. Hilo limeniuma kuliko kisu, lakini nimelikubali.

Kisha mama. Nilimpigia kwa video, kaka yangu akamshikia simu. Nilijiandaa na maelezo ya vagasi, mtulinga, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kitakuwa kinakuuma?" Nikasema hapana, kitakuwa kinanikwaruza koo kidogo. Akasema, "Basi. Mimi nimekuokota mara ngapi? Kama kuna kitu kitakachokuokota nisipokuwepo, kitiwe." Presha haikupanda. Presha ilinipanda mimi.

Nimesaini.

---

Sista_Mstaafu_Dodoma

Mwenyezi Mungu akusimamie. Andika daftari la kuanguka tangu leo, kabla ya upasuaji, tarehe na saa. Bila hilo baada ya mwaka utakuwa unakisia tu.

---

Mtoto_wa_Ngamiani

MREJESHO WA PILI. Mwezi wa nne tangu kiwekwe.

Samahani kwa ukimya. Upasuaji ulikwenda salama, nililala usiku mmoja. Shingo ilikuwa ngumu wiki mbili, kovu la kifuani liliwasha. Mikononi nilichokuwa nacho ni ganzi ya woga tu.

Nipo kwenye miliampia moja na robo. Daftari linasema hivi, na nalinukuu kama lilivyo: mwezi kabla, kishindo 2, ndogo 8. Wa kwanza, kishindo 2, ndogo 7. Wa pili, kishindo 3, ndogo 9, hapo nililia. Wa tatu, kishindo 1, ndogo 6. Huu wa nne haujaisha, kishindo 1, ndogo 3. Sista, sijasema kitu, najua ni mapema.

Nilichokigundua ni kwamba baada ya kuanguka narudi haraka zaidi. Zamani nilikuwa napoteza siku nzima, kichwa kama gunia la mchanga. Mara hii mke wangu alinipitishia sumaku, baada ya nusu saa nikamuuliza chakula kiko wapi. Anasema hakuwahi kufurahi hivyo kusikia mume anadai ugali.

Sauti: wiki mbili za mwanzo baada ya kila kupandisha nilikuwa naongea kama bata. Adhana ya kwanza tangu kiwekwe ilikuwa adhuhuri ya Ijumaa. Nilibandika sumaku chini ya kanzu kama alivyonifundisha Bi Shuu, muuguzi aliridhia. "Hayya alas-salaa" ilitoka safi. Mzee mmoja wa Kisomali alikuja baadaye akanigusa kifuani, akauliza kama nimenunua kipaza sauti kipya.

---

Kiti_cha_Mbele

Kambi yangu imelipa. Swali la mwisho mkuu, sumaku ikipotea?

---

Mtoto_wa_Ngamiani

Walinipa mbili. Moja ipo kwangu. Ya pili nimeituma Tanga na mtu, kwa ajili ya nikienda likizo Desemba, ili mama ajifunze mapema. Kaka analalamika kwamba mama anafanyia mazoezi kifuani kwake kila akichelewa kurudi usiku.